Hodi Isiyoitikiwa: Mwanafunzi wa Fasihi na Mashine Pepe

Wahenga walilonga kuwa ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwakumbusha vijana kwamba nyuma ya kila chombo kinachopendeza machoni pana fundi aliyetokwa na jasho. Katika miaka hii miwili ya masomo yangu ya uzamili nimeikumbuka mara nyingi kwa ajili ya chombo ambacho watu husema kinaelea angani, nacho wanakiita wingu. Wengi wetu katika idara za Kiswahili tumelisikia neno hilo, tumelitumia wingu lenyewe kuhifadhia picha na kazi zetu za darasani, kisha tukalipita kana kwamba ni shughuli ya wenzetu wa uhandisi. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba ni shughuli yetu pia. Mwanafunzi wa fasihi anapoomba mashine kutoka katika wingu, hujikuta mbele ya maswali ambayo fomu anayoijaza haiyaulizi, ilhali lugha na desturi zetu zimeyauliza tangu jadi.

Tasnifu yangu inahusu nyimbo ambazo somo humfunzia bi harusi katika baadhi ya familia za pwani ya Kenya. Nyimbo hizi huimbwa ndani, na wanawake, mbele ya wanawake. Mabibi walioniruhusu kuzirekodi waliniwekea sharti: sauti zao zisifike masikioni mwa wanaume, na zisitumiwe kwa jambo lolote nje ya masomo yangu. Maneno ya nyimbo yanaweza kuandikwa na kusomwa na watahini, maadamu wao wenyewe wameyapitia kwanza na kuondoa wasiyotaka yatoke. Sauti zenyewe zibaki baina yetu. Niliondoka kwao na rekodi za saa 26. Saa moja ya sauti ya stirio isiyobanwa huchukua takriban megabaiti 635, kwa hiyo mzigo wangu wote ulikuwa wa gigabaiti 16 na nusu hivi.

Mzigo huo ulihitaji kunakiliwa kwa maandishi. Mnamo Septemba 2022, kampuni ya OpenAI ilitoa programu iitwayo Whisper, ambayo husikiliza usemi na kuuandika, Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha inazozijua. Faida yake kuu kwangu ilikuwa kwamba mtu anaweza kuipakua na kuiendesha katika mashine yake mwenyewe, bila kumpelekea mtu mwingine sauti hizo. Rasimu zake, hasa palipo na lahaja za kaskazini na vigelegele, hujaa makosa ambayo sharti yasahihishwe kwa mkono. Hata hivyo, rasimu yenye makosa ni afueni kuliko ukurasa mtupu. Tatizo lilikuwa kipakatalishi changu, ambacho kilikesha usiku kucha kikihangaika na rekodi ya saa moja. Ndipo mwenzangu wa idara nyingine aliponielekeza kwenye katalogi ya chuo, mahali ambapo mwanafunzi hujichagulia mashine pepe mwenyewe.

Chombo chenyewe

Kabla ya kuendelea, yafaa nieleze chombo hiki ni nini, kwa kuwa nimegundua kwamba wengi wetu hulitumia neno bila kuijua maana. Mashine pepe ni kompyuta isiyo na kasha lake. Seva moja kubwa huwekewa programu maalumu ambayo kazi yake ni kuigawa: sehemu ya prosesa, sehemu ya kumbukumbu na sehemu ya diski hupewa mashine hii, sehemu nyingine ile, na kila mojawapo hujiona kuwa kompyuta kamili iliyo peke yake. Mfano ulio karibu nasi ni nyumba ya vyumba vya kupanga. Paa ni moja, msingi ni mmoja na mwenye nyumba ni mmoja, lakini kila mpangaji ana mlango wake, kufuli lake na mambo yake.

Wazo hili lina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Wahandisi wa kampuni ya IBM walikuwa wakiigawa kompyuta moja kubwa kuwa mashine pepe nyingi tangu miaka ya 1960, na mwaka 1972 kampuni hiyo ikatangaza mfumo wa VM/370 kwa wateja wake. Jipya lilikuja baadaye, nalo lilikuwa namna ya kuzipata. Mwaka 2006 kampuni ya Amazon ilianza kukodisha mashine pepe kwa saa kupitia mtandao, katika huduma iitwayo EC2. Wachache wanajua kwamba timu iliyoiunda huduma hiyo ilifanya kazi yake Cape Town, Afrika Kusini. Mwaka 2010 shirika la anga za juu la Marekani, NASA, pamoja na kampuni ya Rackspace, walianzisha OpenStack, programu huria inayomwezesha yeyote mwenye seva zake, vikiwemo vyuo vikuu, kujijengea wingu la namna hiyo. Mwaka uliofuata, 2011, taasisi ya viwango ya Marekani ilitoa fasili ya wingu yenye sifa tano, na ya kwanza katika orodha ni kwamba mtumiaji hujihudumia: hujitwalia anachohitaji pasi na kuzungumza na mtu yeyote upande wa pili.

Sifa hiyo ya kwanza ndiyo kiini cha makala haya.

Hodi bila karibu

Katalogi ya chuo ina ukurasa mmoja. Unaingia kwa nywila yako, unaipa mashine jina, unachagua kiolezo cha mfumo endeshi, unachagua ukubwa, unaongeza diski ukitaka, unataja tarehe ambayo mashine itakwisha muda, kisha unabofya. Katika mpangilio wa awali wa OpenStack ukubwa ulipangwa ngazi kwa ngazi: mashine ndogo yenye prosesa moja, gigabaiti 2 za kumbukumbu na gigabaiti 20 za diski, ya wastani yenye prosesa 2, gigabaiti 4 na gigabaiti 40, kubwa yenye prosesa 4, gigabaiti 8 na gigabaiti 80. Kila ngazi ni maradufu ya iliyo chini yake. Katalogi nyingi zingali zinafuata mtindo huo, japo majina na hesabu hubadilika. Ombi langu lilikuwa ndani ya mgao wa kila mwanafunzi wa uzamili, kwa hiyo halikuhitaji idhini. Dakika chache baadaye mashine ilikuwa tayari.

Sitaki nieleweke kwamba naulaumu wepesi huo. Mpangilio wa zamani, ambapo mwanafunzi alibeba barua yenye mhuri kutoka ofisi moja hadi nyingine, ulikuwa na dhuluma zake. Aliyejuana na watu alipata leo, asiyejuana na mtu alipata baada ya muhula kwisha, na wa fasihi aliulizwa kwa kicheko kompyuta ya kazi gani. Katalogi haina kicheko. Mgao wa mwanafunzi wa Kiswahili ni sawa na wa mwanafunzi wa fizikia, na hilo ni jambo la haki.

Hata hivyo, katika mila zetu mtu hupiga hodi, naye mwenyeji huitikia karibu, na baina ya hodi na karibu huwa na mazungumzo. Waulizwa hali, waulizwa ulikotoka, waulizwa kilichokuleta. Mazungumzo hayo si adabu tu, kwani ndani yake mwenyeji hupima anachokikubali ndani ya nyumba yake na mgeni hupima nyumba anayoingia. Katalogi hukufungulia mlango kabla hujamaliza kubisha. Fomu iliniuliza idadi ya prosesa, haikuniuliza ninachokwenda kuweka humo ni cha nani. Maswali ya mwenyeji hayajatoweka. Yamehamishiwa kwa mgeni, na mgeni asipoyajua hakuna atakayemkumbusha.

Kuomba, kuazima, kukodi, kukopa

Kitufe cha mwisho katika ukurasa ule kina kitenzi kimoja cha Kiingereza. Nilipojaribu kukitafsiri, kama ilivyo ada ya mwanafunzi wa Kiswahili, nilikuta lugha yetu hainiruhusu kupita kabla sijaamua ninafanya nini hasa. Je, naomba? Kitu cha kuomba huenda kikawa changu moja kwa moja. Je, nakodi? Mwenye kukodi hulipa, na malipo humpa haki. Je, nakopa? Mwenye kukopa hurudisha mfano wa alichochukua; akikopa kibaba cha mchele harudishi punje zile zile. Je, naazima? Mwenye kuazima hurudisha kitu chenyewe, katika hali aliyokipokea, ili mwingine naye akitumie.

Baada ya kutafakari, naona kwamba mashine ya katalogi ya chuo ni ya kuazima. Prosesa na kumbukumbu ninazopewa leo ni zile zile atakazopewa mwenzangu kesho nikishazirudisha, na nisipozirudisha atakosa. Kitenzi kikishajulikana, adabu yake nayo hujulikana. Kikombe cha jirani hakiwekwi kabatini mwaka mzima kwa kuwa jirani hajakidai.

Mjadala huu wa majina unaligusa pia neno pepe. Baada ya barua pepe kukubalika, kivumishi hiki kimeendelea kuzaa: kumbukumbu pepe, mashine pepe, na kadhalika. Mkulima wa mpunga analijua pepe kwa maana nyingine, yaani suke au punje isiyo na kiini, inayopeperuka mtu anapopepeta. Ipo hatari kwamba msikiaji wa mashine pepe ataelewa mashine tupu, kivuli cha mashine, kitu ambacho mtu hawezi kukiharibu wala kudhurika nacho. Ukweli ni kwamba chini ya kila mashine pepe pana chuma, umeme na feni zinazovuma, na kinachowekwa humo kimewekwa kweli. Silikatai neno, kwa kuwa limekwisha kuzoeleka. Nataka tulitumie huku tukikumbuka kwamba punje imo.

Jambo moja lilinifurahisha katika orodha ya violezo. Katikati ya Kiingereza kitupu palikuwa na neno la Kibantu: Ubuntu. Mfumo endeshi huu, uliotolewa kwa mara ya kwanza Oktoba 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ulipewa jina ambalo ni ndugu wa damu wa neno letu utu. Niliuchagua. Lakini jina zuri halimfanyii mtu kazi ya utu. Kazi hiyo ilinisubiri mimi.

Maswali matatu ya bibi

Mabibi walinipa nyimbo zao kama amana. Nilivyofunzwa nyumbani, aliyepokea amana hampi mtu wa tatu bila kumwarifu mwenyewe. Kuzihamisha sauti kutoka katika kipakatalishi changu hadi katika seva ya chuo kulikuwa ni kumpa mtu wa tatu. Kwa hiyo kabla ya kuhamisha faili hata moja nilimpigia simu bibi aliyekuwa kiongozi wao. Hakupata kuitumia kompyuta maishani mwake, nami sikutaka kumpumbaza kwa istilahi.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Nyimbo zetu hazijambo?”

Nilimweleza kwamba nyumba niliyoziweka ni ndogo, kazi haiendi, na kwamba chuo kina nyumba kubwa ya vyumba vya wapangaji ambayo nimepewa chumba kwa muda. Nikamwomba ruhusa ya kuzipeleka humo. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza maswali matatu, moja baada ya jingine.

“Nyumba hiyo ni ya nani, na iko wapi?”

Hili ndilo swali la kwanza ambalo kila anayechagua mashine pepe angepaswa kujiuliza. Katika mawingu ya kibiashara mteja huchagua eneo, na asipochagua huchaguliwa. Faili zake zaweza kulala Virginia au Ireland wakati yeye yuko Kilifi. Katika miaka ya karibuni maeneo ya Afrika yamefunguliwa, kama ya Microsoft nchini Afrika Kusini Machi 2019 na ya Amazon mjini Cape Town Aprili 2020, lakini hayo nayo yako chini ya sheria za nchi nyingine. Hapa Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Sauti inayomtambulisha mtu ni data yake binafsi, na sheria hiyo inataja hali ya ndoa na taarifa za familia miongoni mwa data nyeti. Inaweka pia masharti kwa anayetaka kuzipeleka data za watu nje ya nchi. Nyimbo za somo hutaja ndoa za watu kwa majina. Nilimjibu bibi kwamba nyumba ni ya chuo, na iko humu humu nchini. Akasema, “Haya.”

“Na ufunguo wa chumba anao nani?”

Hapa jibu lilihitaji uangalifu zaidi. Mlango wa mbele wa mashine hufunguliwa kwa jozi ya funguo: ufunguo wa umma huwekwa katika mashine, wa siri hubaki na mwenyewe, na mmoja bila wa pili haufai kitu. Niliweza pia kufunga milango yote ya mtandao isipokuwa mmoja, na huo mmoja nikauruhusu kufunguliwa kutoka ndani ya mtandao wa chuo pekee. Hayo yote yanamzuia mpita njia. Hayamzuii mwenye nyumba. Siri ya mtungi aijuaye kata, na fundi anayesimamia seva kubwa anaweza, akitaka, kuifikia diski ya mpangaji. Mafundi hao ni watu waaminifu, sina neno nao. Lakini wengi wao ni wanaume, na sharti la mabibi halikusema wanaume wasio waaminifu.

Dawa yake ipo. Mfumo wa Linux, ambao Ubuntu ni mmoja wa aina zake, una zana iitwayo LUKS, inayoisimba diski nzima hivi kwamba asiye na nywila haoni humo ila mchanganyiko wa tarakimu usio na maana. Mashine ndogo ya katalogi ingejaa kwa rekodi zangu peke yake, kwa hiyo niliazima ya wastani pamoja na diski ya ziada, nikaisimba ile ya ziada ndiyo iwe ya nyimbo. Nywila yake haikuandikwa popote ndani ya mashine. Hata hivyo, uaminifu ulinidai nimwambie bibi kasoro iliyobaki: wakati diski imefunguliwa kwa kazi, ufunguo wake hukaa katika kumbukumbu ya mashine, na mwenye mamlaka yote juu ya seva kubwa anaweza, kwa utaalamu na kwa kukusudia, kuupata humo. Nilimweleza kwa mfano wa chumba ambacho mlango wake u wazi wakati mpangaji yumo.

“Basi fungua ukiwa kazini tu,” akasema. “Ukimaliza, funga.”

Wataalamu wa usalama wa kompyuta huandika kurasa nyingi kufikia shauri hilo. Tangu siku hiyo kila kipindi cha kazi nakianza kwa kuifungua diski na kukimaliza kwa kuifunga, hata nikitoka kwa chai.

“Na siku ukihama, nyimbo zetu zitasalia humo?”

Swali la tatu ndilo lililonisumbua zaidi, kwa kuwa nilipolichunguza niligundua kwamba kufuta mashine katika katalogi si lazima kuwe kufuta kilichokuwamo. Diski ya ziada huweza kubaki baada ya mashine kwenda, ikasubiri kuunganishwa na nyingine. Picha za hali ya mashine, ambazo mtumiaji huzichukua ili aweze kurudi nyuma mambo yakiharibika, ni nakala kamili zinazojitegemea. Chuo nacho huenda kina nakala zake za akiba. Kwa hiyo anayetaka kuhama kikweli huanza na picha, kisha mashine, kisha diski, na humuuliza msimamizi nakala za akiba hudumu muda gani. Hapa usimbaji hutoa msaada wa pili: nakala yoyote iliyosalia ya diski iliyosimbwa ni kufuli lisilo na ufunguo, maadamu nywila imetupwa. Nilimwahidi bibi kwamba nitafuta vyote kwa mpangilio huo, na kwamba rekodi asili zitarudishwa kwao. Ahadi ni deni. Akanipa ruhusa.

Kuitunza na kuirudisha

Mali bila daftari hupotea bila habari. Nina daftari la kawaida la karatasi ambamo nimeandika jina la mashine, tarehe niliyoipata, ukubwa wake, diski zilizounganishwa nayo, kila picha niliyoichukua na sababu yake, na tarehe ya mwisho. Wenzangu hulicheka, wakisema katalogi huonyesha yote hayo. Huonyesha kilichopo, haionyeshi kwa nini kipo. Baada ya miezi sita, mashine iitwayo jaribio-2 huwa fumbo hata kwa aliyeizaa.

Jambo jingine ni tofauti baina ya namna za kuipumzisha mashine, tofauti ambayo menyu huitaja kwa maneno yanayofanana sana. Mashine yaweza kusimamishwa kwa muda, ambapo kila kitu hubaki katika kumbukumbu. Yaweza kulazwa, ambapo yaliyo katika kumbukumbu huandikwa kwenye diski. Yaweza kuzimwa, kama tunavyozima kompyuta yoyote. Wengi hudhani kwamba mashine iliyozimwa haimnyimi mtu kitu. Katika OpenStack, mashine iliyozimwa huendelea kuhesabiwa katika mgao wa prosesa na kumbukumbu, kama chumba kilichofungwa ambacho mpangaji yuko safarini. Katika wingu la Amazon malipo ya mashine iliyozimwa husita, lakini diski yake huendelea kulipiwa. Namna ya nne katika OpenStack ni ile ninayopenda kuiita kuiweka darini: mashine huhifadhiwa na vitu vyake, nafasi yake katika seva hutolewa kwa wengine, na siku ikihitajika hushushwa. Wakati nilipokuwa nasubiri mabibi wayapitie maandishi yangu, shughuli iliyochukua wiki sita, niliiweka mashine yangu darini. Kwa muda huo mtu mwingine alitumia nilichokuwa nimekiazima. Simjui, naye hanijui, na hiyo ndiyo sura ya ujirani katika nyumba ya namna hii.

Linalotupasa

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini katalogi niliyoitumia haina neno la Kiswahili hata moja isipokuwa majina ya watumiaji. Tumezoea kulalamikia upungufu huo kama suala la istilahi, kana kwamba tukipata neno sawa kwa kila neno tutakuwa tumemaliza. Mfano upo kwamba kazi hiyo yawezekana: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kitovu cha mradi wa Kilinux uliotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Kazi kama hiyo inastahili kuendelezwa, nami ningefurahi kuona chama chetu kikiunda jopo la wanafunzi watakaoitafsiri katalogi ya chuo chao.

Lakini nashauri tuende mbele ya tafsiri. Tukiuandika ukurasa ule kwa Kiswahili, tuuandike pamoja na maswali ya bibi. Kabla ya idadi ya prosesa, fomu iulize: unachoweka humu ni cha nani, na amekuruhusu? Nani ataweza kukifikia, na kimesimbwa? Siku ya kuhama, nini kitafutwa, na nini kitarudishwa kwa nani? Maswali haya hayagharimu chochote. Wahadhiri wetu wanaofundisha mbinu za utafiti nao wanaweza kuyaingiza katika mihadhara yao, kwa kuwa mwanafunzi anayekwenda nyanjani leo hurudi na gigabaiti za sauti na picha za watu, na kozi nyingi bado humfunza namna ya kukusanya pekee.

Wapo watakaosema kwamba mwanafunzi wa fasihi akianza kushughulika na diski na funguo atakuwa ameiacha fasihi. Nawajibu kwa heshima kwamba fasihi simulizi imekuwa na watunzaji wake sikuzote: manju, somo, kungwi, bibi na wajukuu wake. Kila mmoja wao alijua ni wimbo upi wa kuimbwa barazani na upi wa chumbani. Sisi tunaozirekodi nyimbo hizo tumejitwalia sehemu ya kazi yao, tupende tusipende. Kama hatujui chumba tulichoziweka kina funguo ngapi, tumechukua wimbo tukaacha nusu ya elimu yake.

Muda wa mashine yangu utakwisha mwishoni mwa muhula huu. Maandishi yamekwisha kupitiwa na mabibi, nao wameondoa nyimbo nne, ambazo hazitaonekana katika tasnifu. Rekodi zote nimezinakili katika diski ndogo mbili za kubebeka zenye nywila. Moja nitamkabidhi bibi na nyingine binti yake, ambaye ndiye atakayekuwa somo baada yake. Nywila nitawaambia ana kwa ana. Kisha nitarudi chuoni, nifute picha, mashine na diski kwa mpangilio nilioahidi, na niandike tarehe katika daftari.